NANI ALILIPANDISHA ZIWA? VIJANA WA ASEMBO BAY NA SAYANSI YA ARDHI

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wa Asembo Bay, baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhani)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana ambao najua mmekuwa mkitafuta kivuli tangu Adhuhuri, sitawaweka sana. Futari iko jikoni na harufu ya samaki imeshatufikia hapa.

Nimeombwa nizungumzie matawi ya sayansi ya ardhi na kila tawi linachunguza nini. Ningeweza kuandika ubaoni majina kumi yanayoishia na "lojia", mkayanakili, kisha kesho mkayasahau. Badala yake nitauliza swali moja ambalo kila nyumba ya ufuo huu imewahi kubishania: nani alilipandisha ziwa?

Mnaikumbuka Ramadhani ya 1441, yaani mwaka 2020. Ile ya Korona. Misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali majumbani, na huku chini maji ya Lolwe yanapanda kila wiki. Wengine wenu mlikuwa wadogo, lakini hamjasahau. Katikati ya mwezi wa Mei, tukiwa katika kumi la mwisho la mfungo, kipimo cha maji kule Jinja, Uganda, mahali mto Nile unapotokea ziwani, kilisoma mita 13.42. Rekodi ya zamani ilikuwa mita 13.41, ya Mei 1964. Kuanzia mwishoni mwa 2019 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 1 kwa muda wa miezi sita hivi. Mita 1 ni kitu kidogo ukikiona kwenye rula ya fundi. Lakini ziwa lote, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, kupanda mita 1! Bichi zikazama, vyoo vikazama, maji ya kunywa yakachanganyika na yasiyosemeka. Kule Dunga, Kisumu, vibanda vya samaki vikaingia majini. Budalangi na Nyando watu wakahama na magodoro kichwani.

Na majibu yalikuwa mengi. Mmoja anasema: Uganda wamefunga bwawa la Jinja. Mwingine: chini ya ziwa chemchemi zimefunguka. Mwingine: ardhi yenyewe imeinuka, si maji. Mimi sicheki jibu lolote kati ya hayo. Yote ni maswali mazuri, na kila moja lina tawi lake la elimu.

Tuanze na bwawa. Elimu inayohesabu maji ya nchi kavu, ya mito, maziwa na visima, inaitwa haidrolojia. Mwanahaidrolojia hufanya kazi kama mwenye duka mwangalifu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hesabu ya ziwa letu ni ya kushangaza kidogo. Watu hudhani linajazwa na mito, yaani Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja, Mara na Kagera. Kumbe mito yote pamoja huleta kama sehemu moja tu kati ya tano. Sehemu nne ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Na katika kutoka ni vivyo hivyo: maji mengi hupaa na jua, yanayobaki ndiyo hutoka kwa mlango mmoja tu, Jinja.

Mlango huo umekuwa na bwawa tangu mwaka 1954. Lilikuwa likiitwa Owen Falls, sasa ni Nalubaale, na tangu mwaka 2000 kuna la pili kando yake, Kiira. Kwa hivyo si upuuzi kumshuku mwenye bwawa. Mwaka 2005 na 2006 shuka lilikuwa kubwa mno; ziwa liliteremka hadi kiwango cha chini kabisa kwa zaidi ya miaka 80, na waliopiga hesabu walikuta kwamba karibu nusu ya lawama ni ya ukame na nusu ni ya maji yaliyoachiliwa Jinja kupita kiasi kilichokubaliwa. Hilo bwawa liliweza.

Lakini 2020? Tazama hoja hii, maana hapa ndipo elimu inapotofautiana na porojo za gatini. Kama kosa ni la Jinja, basi maziwa yasiyohusiana na Jinja yangebaki palepale. Hayakubaki. Ziwa Baringo lilipanda na kuzamisha majumba na mahoteli. Naivasha lilipanda. Maziwa hayo hayana hata mto mmoja wa juu ya ardhi unaotoka, sembuse bwawa la Uganda! Kinachoyaunganisha na Lolwe ni kimoja tu, nacho ni mawingu.

Basi tunamwendea mtu wa mawingu. Elimu ya hali ya hewa ni meteorolojia, na ndugu yake anayetazama miaka mingi kwa pamoja ni klimatolojia. Hao wawili waliangalia mvua za mwisho wa 2019 na wakatupeleka mbali, hadi Bahari ya Hindi. Mwaka ule maji ya bahari upande wetu wa Afrika yalikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yalipoa. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na upepo ukauleta bara. Kwa hivyo ili kuelewa kwa nini choo cha Asembo kimezama, ilibidi tumuulize pia mwanaoshanografia, msomi wa bahari, mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga Nyanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto duniani kulifanya kupanda kwa ziwa kwa kasi ile kuwa na uwezekano karibu mara mbili ya vile ambavyo kungekuwa bila joto hilo.

Elimu hiyohiyo ya hali ya hewa ndiyo ingekuwa ya kwanza kufundishwa hapa gatini, kama ningekuwa mimi ndiye mkubwa wa elimu. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo wa ziwa unaingia bara. Ndio upepo ule mtamu wa saa tisa mnaousubiri mkiwa na saumu. Unapofika milima ya Nandi na Kericho unapanda, unapoa, na wenzetu wa majani ya chai wanapigwa na mvua ya mawe. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu imepoa, ziwa bado lina joto, upepo unatoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, unakutana, unapanda, na dhoruba inazaliwa huko usiku wa manane na alfajiri. Ni saa zilezile mvuvi wa omena yuko kazini na karabai zake. Wavuvi wanaopotea kila mwaka katika ziwa hili, kwa nchi zote tatu, wanakadiriwa kufika maelfu. Siku hizi Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri maalumu wa ziwa, wa upepo na mawimbi. Mwenye simu ausome kwa sauti kabla mashua haijasukumwa. Hilo halihitaji digrii.

Turudi kwenye jibu la tatu, kwamba ardhi imeinuka. Huyu tunamkabidhi kwa jiolojia, elimu ya miamba na jinsi ardhi ilivyojengeka. Na mwanajiolojia atamjibu: umesema kweli, lakini umekosea saa. Zamani sana mito ya huku ilikuwa ikitiririka kwenda magharibi. Kisha ardhi ya upande wa Uganda, kando ya Bonde la Ufa la magharibi, ikainuka polepole, mito kama Kagera na Katonga ikazuiwa, mingine ikageuka kurudi ilikotoka, na maji yakatuama katika bakuli. Bakuli hilo ndilo ziwa. Ndiyo maana ni pana mno lakini kina chake hakizidi mita 80 na ushei. Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, lina karibu mita 1,470. Kwa hiyo ardhi iliinuka kweli, ila ilichukua maelfu kwa maelfu ya miaka. Haiwezi kuinuka kati ya Novemba na Mei ikafukuza watu.

Ghuba yetu ya Winam nayo ni tawi la Bonde la Ufa lililochomoza kuja magharibi. Ukisimama Kisumu ukatazama ukuta wa milima ya Nandi, unatazama ukingo wa ufa. Na penye ufa pana mitetemeko, ambayo ni kazi ya seismolojia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa, na kuua watu wasiopungua 17 Bukoba na vitongoji vyake, wengi kwa kuangukiwa na kuta. Hapa Kenya, Januari 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.9. Mafundi wa nyumba mlio hapa, ile nondo mnayoiruka ili tajiri asilalamike, wekeni.

Kuna jambo jingine la jiolojia ambalo hunifanya nilitazame ziwa kwa macho tofauti. Mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Thomas Johnson walichapisha walichokuta walipotoboa matope ya chini kabisa ya ziwa. Walikuta udongo wa nchi kavu na mabaki ya mizizi ya nyasi. Maana yake ni kwamba miaka kama 15,000 hivi iliyopita, ziwa hili lilikuwa limekauka. Kubwa lote hili! Mahali ambapo leo mbuta anaogelea paliota majani.

Wanaochunguza mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, yaani visukuku, elimu yao ni paleontolojia, na wao ziwa letu ni kama maktaba. Kisiwa cha Rusinga, hapo ng'ambo ya ghuba, ndiko Mary Leakey alikookota fuvu la nyani wa kale mwaka 1948, la miaka milioni 18 hivi. Na Nyayanga, katika rasi ya Homa, vimepatikana vifaa vya mawe pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa. Taarifa yake ilitoka mwaka 2023, na umri unakadiriwa kati ya miaka milioni 2.6 na 3. Najua kuna vijana hapa wanataka tuingie katika mjadala wa asili ya mwanadamu. Leo hapana, tutafuturu saa nne. Nasema tu kwamba watu hupanda ndege kutoka Marekani kuja kuyaona mawe haya, na sisi wa ng'ambo ya ghuba nauli yetu ni ya mashua.

Mawe ya karibu zaidi ni Kit Mikayi, kule Seme, kando ya barabara ya Bondo. Nani aliyapanga vile? Hakuna aliyeyapanga. Jiomofolojia, elimu ya sura ya nchi, inasema hiyo ni granite iliyopoa chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ikapasuka nyufa za kusimama na za kulala, maji yakapita katika nyufa na kuzila pembe, kisha mvua ikaosha udongo laini wote wa pembeni. Mawe yalibaki yamekaa moja juu ya jingine. Hayakupandishwa. Ni ardhi iliyozunguka iliyoteremka.

Elimu ya udongo, pedolojia, nitaipitia haraka, ingawa shamba ndilo linalotulisha. Mto Nyando huingia ghubani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo rangi ni shamba la mtu. Aliyefika Katuk Odeyo, Nyakach, ameona korongo ambalo mvua imelichimba hadi kumeza mashamba na nyua za watu. Udongo huo na mbolea yake huja kunenepesha maji ya ghuba, gugu maji hustawi, na mimea midogo ya kijani huenea juu ya maji. Ikifa inaoza na kumaliza hewa chini. Kisha upepo ukiyapindua maji usiku mmoja, maji yasiyo na hewa yanakuja juu, na mwenye vizimba vya ngege anaamka amefilisika. Anayesoma mambo hayo ya ndani ya ziwa anaitwa mwanalimnolojia, na Kisumu wapo, katika kituo cha taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonileta.

Kati ya kiwango cha chini cha 2006 na kile cha 2020 kuna tofauti ya karibu mita 3 za kwenda juu. Chukua ufuo ulio tambarare, unaoteremka mita 1 kwa kila mita 100 za kutembea. Mita 3 za maji hapo ni mita 300 za ardhi. Hizo mita 300 zilipokauka, watu walifanya nini? Walilima sukuma wiki, wakajenga, wakauziana, na wengine wana karatasi za mkono zenye sahihi ya shahidi. Lakini ilikuwa sakafu ya ziwa! Mzee yeyote aliyeona 1964 angewaambia. Maji ya 2020 hayakuvamia shamba la mtu, yalirudi mahali yalipolala miaka 56 iliyopita. Mwaka 2024 baada ya mvua kubwa yakapanda tena. Na leo nikipita bichi naona mawe ya msingi yanapangwa upya, mahali palepale, na wanaopanga ni vijana waliooa juzi, waliokopa pesa.

Sijaja kumlaumu mtu aliyekosa mahali pengine pa kujenga. Ardhi ni ghali na familia ni kubwa. Ila asijenge kwa kutojua. Alama za maji ya 2020 bado zipo kwenye kuta na kwenye miti iliyokauka ikiwa imesimama. Baada ya miaka kumi hazitakuwepo. Ninachoiomba jumuiya yetu ni kazi ya siku mbili: tutembee na mkanda wa kupimia na rangi, tuweke vigingi pale maji yalipofika, kuanzia gatini hadi mwisho wa makaazi, na tuweke kijiti kimoja chenye sentimita ndani ya maji kisomwe kila Ijumaa na kuandikwa daftarini. Hiyo ni haidrolojia kamili. Wazungu walianza hivyohivyo katika ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19, na daftari zao ndizo zilizotuwezesha kujua kwamba 2020 ilipita 1964.

Baada ya mada niliulizwa maswali, na mhariri ameniomba niyaandike machache.

Kijana mmoja aliuliza kuhusu dhahabu, maana rafiki zake wanachimba. Nilimjibu: dhahabu ipo. Kuna mkanda wa miamba mikongwe sana, ambayo wanajiolojia waliipa jina la Nyanzian kwa ajili ya Nyanza yetu, unaoonekana Migori, Siaya hadi Kakamega, na dhahabu hukaa ndani ya mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi. Kakamega walikimbilia dhahabu tangu mwaka 1931. Lakini jiwe la juu limeozeshwa na mvua za miaka mingi, na shimo lisilo na magogo ya kushikilia kuta huanguka, hasa msimu wa mvua. Na ile zebaki wanayoikoroga kwa mikono na kuichoma jikoni inaingia mwilini mwa mama na mtoto. Jiokemia, elimu ya kemia ya ardhi, ndiyo inayopima sumu hiyo katika maji na samaki. Hiyohiyo ndiyo ingewaambia akina mama wajawazito kuna nini ndani ya odowa wanayoitafuna. Hapo akina mama walicheka, lakini jiwe lile linaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu, na daktari wa kliniki aambiwe.

Swali la pili lilikuwa la kibla, kwamba baadhi ya watu wanaelekea mashariki. Hapa kuna elimu mbili, falaki na jiodesia, ambayo ni upimaji wa umbo la dunia. Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, ule unaopita Maseno, ndiyo maana saumu yetu haibadiliki sana, ni kama saa 13 na kitu mwaka wowote, wakati wenzetu wa London Ramadhani ikiangukia Juni hufunga saa 18 na zaidi. Makka kutoka hapa ni kaskazini, ukipinda kidogo tu kwenda mashariki, kama nyuzi 13. Mombasa ni kaskazini karibu kabisa. Asiyeamini asubiri tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, au 16 Julai saa 6:27 mchana (katika mwaka mrefu ni siku moja kabla). Wakati huo jua huwa juu ya Al-Kaaba yenyewe, na saa zetu na za Makka ni sawa. Simamisha fimbo wima. Kivuli chake kinaipa Makka mgongo, wewe geukia upande wa jua.

Mvuvi mmoja wa omena akaongeza kwamba wao hawahitaji kuambiwa tarehe ya mwezi mwandamo, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali karabai hazina kazi na samaki hawaji. Nikamwambia yeye ni mwanafalaki asiyelipwa.

Binti wa kidato cha tatu aliuliza asome nini. Jiografia, fizikia, kemia na hesabu, asiache hata moja. Maseno na Bondo kuna vyuo vikuu, Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia, na Idara ya Hali ya Hewa ina chuo chake Dagoretti.

Wa mwisho alikuwa mzee wetu mmoja aliyekaa kimya muda wote. Aliuliza kama maji yatarudi tena. Nikamwambia yatarudi, mwaka siujui. Akasema mwaka 1964 yeye alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe, na anaujua mti ambao maji yaliufikia. Mti umekatwa, kisiki kipo. Kwa hivyo Jumamosi, tukishaswali Alfajiri, tunaanzia nyumbani kwake. Mwenye mkanda mrefu aje nao.